Baba Mwape Hana Namba

Élisabethville, 14 Machi 1928

Mama Mwape mpendwa,

Nimefika salama. Miguu bado ninayo yote miwili, ingawa wa kulia ulitaka kubaki njiani. Kazi nimepata kwenye kiwanda cha matofali, nje kidogo ya mji. Tunakanyaga udongo, tunaujaza kwenye vibao, tunaanika, tunapanga tanuru na kuchoma. Kila Mzungu anataka nyumba na kila nyumba inataka matofali, basi kazi haitakwisha leo wala kesho.

Siku ya kuandikishwa karani aliniuliza, "Majina yako nani?" Nikashangaa, maana kwetu mtu huulizwa jina, moja. Nikadhani anayataka yote, nikaanza kumtajia: Mukuka, ambalo ni la babu, kisha lile la ubatizo, kisha lile walilonipa wawindaji. Watu wakacheka. Kumbe huku mjini ndivyo wanavyouliza, majina, hata kwa mtu mwenye jina moja. Na baada ya kuniuliza hakuandika hata hilo moja. Ilikuwa Jumanne, na msimamizi Mzungu akasema waliofika siku ile wote ni Mardi, yaani Jumanne kwa Kifaransa. Tuko akina Mardi wengi. Akiita mmoja tunakwenda wote, naye hajui amkasirikie nani.

Shingoni nimevishwa kibati cha shaba, namba 812. Usihofu, hata mbuzi huzoea kengele.

Mwambie mdogo wangu Mutale kwamba kiti changu bado ni changu, na firigisi ya kuku ni ya mwenye nyumba. Mkataba ukiisha narudi. Nibusie mtoto.

Mumeo,
Mukuka, baba Mwape


Lukafu, 20 Mei 1928

Baba Mwape,

Barua yako nimeisoma mpaka ikachanika kwenye mkunjo. Mwanao anasimama kwa kushika ukuta, kisha anatutazama kama chifu anayengoja kupigiwa makofi.

Mardi ni nani? Mimi sikuolewa na Jumanne. Ukirudi na jina hilo utalala nje na mbuzi wenzako wa kengele.

Sikiliza kituko. Masista wa misioni walitaka kukuombea kwenye misa ya wasafiri. Sista Mkuu akaniuliza jina la mume wangu. Nikamwambia, baba Mwape. Akasema hilo ni jina la mtoto, yeye anataka la mume. Nikasema tena, baba Mwape. Akanitazama kana kwamba nimeiba sabuni. Ningefanyaje? Mke aliyefundwa hataji jina la mume wake, hata nyumba ikiungua. Mama yangu hakumtaja baba mpaka anamzika. Mwisho katekista André akamnong'oneza, naye huyohuyo ndiye anayeniandikia jina lako juu ya bahasha, maana mkono wangu unagoma kuliandika kama mdomo unavyogoma kulisema.

Mutale amekaa kwenye kiti chako mara moja tu, akasema alikuwa anakipima. Firigisi namnyima, ananuna, anakula shingo.

Nimekukumbuka. Nalisema wazi kwa sababu hakuna anayesoma ila wewe.

Agnès, mama Mwape


Élisabethville, 3 Oktoba 1928

[Barua hii haikutumwa. Ilizuiwa kwenye ofisi ya kambi.]

Mama Mwape,

Hii ni barua ya tatu tangu amri mpya, na sijui kama mbili za kwanza zimekufikia. Amekuja mkubwa mwingine wa kambi. Yeye hata Mardi hataki. Anasema majina ya kishenzi yanachanganya vitabu na ya Kizungu yanatutia kiburi, kwa hiyo kila mtu ni namba yake. Asubuhi tunaitwa kwa namba, kwenye posho kwa namba, kwa daktari kwa namba. Ukiitika jina la kwenu ndani ya uzio, unakatwa unga. Barua inayokuja bila namba haitolewi, na inayotoka ikiwa imesainiwa jina haiondoki.

Wenzangu wanasema, saini 812, mke wako atajua. Labda wana haki. Lakini nimeshika kalamu mara nyingi na kila mara mkono unaandika Mukuka.

Nikuambie kitu ambacho sikutaka kukuambia. Juzi kwenye tanuru rafiki yangu Donat, akijua msimamizi yuko mbali, aliniita kwa jina langu. Sikugeuka. Si kwa hofu. Sikugeuka kwa sababu nilidhani anamwita mtu mwingine. Nilipofahamu, nilikaa chini juu ya matofali ya moto na sikusikia moto. Usiku sasa, kabla ya kulala, ninajitaja mwenyewe kimyakimya kama mtu anayesali. Nina hofu kwamba jina lisipoitwa na mtu litakufa, na mimi nitabaki nikitembea.

Jina hilo huku hakuna anayelitunza. Lililobaki liko kwenu. Mnitunzie.

Mukuka, baba Mwape


Lukafu, 6 Januari 1929

Bwana Karani wa kambi ya matofali, Élisabethville

Bwana,

Nakusalimu kwa heshima. Mimi ni mke wa mfanyakazi wenu. Tangu mwaka jana katikati sijapata barua yake, na zangu nne hazina jibu. Katekista aliyekuwa akiniandikia bahasha amehamishiwa Kambove, kwa hiyo sasa naandika mwenyewe.

Nakuomba uniulizie habari za baba Mwape kutoka Lukafu. Ni mtu mwema, hapendi makelele, kila mtu anamjua kwa jina hilo, na namba mliyomvisha shingoni sitaiandika, mtu si mbuzi. Kama anaumwa, niambie. Kama amepata mwanamke mwingine, niambie pia, nitajua la kufanya.

Agnès Mwaba


Élisabethville, 2 Februari 1929

Mama,

Barua yako nimeipokea. Vitabu vyetu vina namba tu, kwa hiyo ilinibidi kutembea nyumba kwa nyumba nikiuliza ni nani anayemjua baba Mwape wa upande wa Lukafu. Wote walinijibu neno moja.

Mama, pole. Baba Mwape alifariki mwezi wa Novemba kwa ugonjwa wa kifua. Alizikwa kwa heshima, wenzake waliimba. Niliona mimi mwenyewe. Watu walimpenda sana.

Mungu akufariji.

Karani wa Kambi


Lukafu, 12 Mei 1929

Bwana Karani,

Nimechelewa kukushukuru kwa sababu matanga hayaniachii mkono wa kuandika. Nimenyoa nywele. Nimelia mpaka sauti ikawa ya mwanamume. Asante kwa kutembea nyumba kwa nyumba kwa ajili ya mtu usiyemjua.

Mambo yetu ya desturi yamekwisha. Kwetu jina la marehemu haliachwi lizurure porini. Wazee walimkalisha mdogo wake Mutale mkekani, wakamnawisha, wakampa shoka na mkuki wa kaka yake, wakamwita kwa jina la kaka yake, akaitika. Sasa yeye ndiye mwenye jina. Walitaka anirithi na mimi. Nikawaambia jina alichukue, mimi si shoka. Mutale mwenyewe alishusha pumzi, maana ananiogopa. Kiti anakikalia kweli sasa, na firigisi nampa, kwa kuwa ni haki ya jina. Namwangalia akitafuna na natamani kumpiga na mwiko.

Ombi langu moja. Ukipita kaburini, mwambie marehemu kwamba binti yake Mwape anatembea tangu Noeli. Alimwacha akitambaa. Anafanana naye masikio.

Agnès Mwaba


Élisabethville, 9 Juni 1929

Mama Agnès,

Kaa chini kabla hujaendelea kusoma. Kama umesimama karibu na moto, sogea.

Uliandika "binti yake Mwape". Nilisoma, nikarudia. Mzee niliyekuandikia habari zake alikuwa na mvi kichwa kizima, na nilipouliza tena nikaambiwa hakuwa na mke wala mtoto. Jina lake mwenyewe lilikuwa Mwape. Huku mjini mtu mzima yeyote tunamwita baba, kwa heshima, baba Antoine, baba Émile. Uliponiuliza baba Mwape, mimi nilimtafuta Bwana Mwape. Wewe ulikuwa unamtafuta baba wa Mwape. Neno moja, mama, na kwa neno hilo nimemzika mume wako.

Nilikwenda kwenye matanuru mchana ule ule. Nikauliza kwa sauti ya chini, kati yenu ni nani aliyeacha Lukafu mtoto mdogo anayeitwa Mwape? Hakuna aliyejibu, wanajua karani ni sikio la mkubwa. Nilikuwa nimeshageuka kuondoka. Ndipo mtu mmoja aliyejaa udongo mpaka kwenye nyusi akakiri kwamba ndiye, akasema, "Njo mimi."

Ni mzima. Amekonda, lakini ni mzima. Na mimi namjua! Ndiye anayeniletea barua kila mwezi, na kila mwezi nasukuma karatasi yake nimwambie atie namba, naye anatikisa kichwa. Barua zake zote zimo kwenye sanduku hapa ofisini, sikusoma hata moja, niliangalia tu kama namba ipo. Nilitii amri. Nakutumia moja, ya Oktoba. Zilizobaki atakupa kwa mkono wake.

Nilimweleza yote, pamoja na matanga. Kisha akaniuliza, "Na jina yangu, balimupa nani?" Nikamwambia, mdogo wako. Akafuta uso kwa kiganja, akauliza, "Basi mimi nabakia nani?" Akarudi kukanyaga udongo.

Nisamehe kama unaweza. Jina langu hukuuliza na mimi sikulitia. Hata mimi humu ndani ni "Karani" tu. Nyumbani Kasai naitwa

Antoine Tshiamala


Lukafu, 1 Julai 1929

Baba Mwape,

Nakutumia hii kwa mkono wa Bwana Antoine.

Nilipiga kelele hata kuku wakaruka ukuta. Mama yako alidhani nimepagawa. Nilipomsomea barua alicheza ngoma uwanjani, na mguu wake mbovu. Mutale alilia kuliko sisi sote. Kisha akaacha kutafuna, akatema firigisi mkononi, akaitazama, hajui aimeze au airudishe.

Ya Oktoba nimeisoma. Mtu wangu, ulikaa juu ya matofali ya moto na mimi huku nikikuandikia habari za firigisi.

Nisikufiche. Mutale alikwenda mwenyewe kwa wazee kuwaomba wamvue jina akurudishie. Wakakataa. Mzee Kapya alisema, "Jina haiko nguo. Tulimunawisha, aliitika, imeisha." Wanasema ukirudi watakutafutia jina jingine, wakuite mtu aliyetoka kaburini au neno la namna hiyo. Nimegombana nao mpaka wakanifukuza barazani. Mutale hawezi hata kulala. Anasema kila akiitwa anahisi ameiba.

Mimi siyo mtu wa kukaa nikingoja wazee wakune vichwa. Nywele zangu zimeanza kuota. Mfanyabiashara mmoja wa unga anakwenda mjini na gari lake, nimempikia, nimembembeleza, amekubali. Nakuja na mwanao. Usiniulize nitakutafutaje humo kambini bila namba. Kibati chako sitakitaja. Nitaona nikifika.

Agnès, mama Mwape


Élisabethville, 15 Septemba 1929

Kwa Mukuka wa Lukafu, kutoka kwa Mukuka wa Élisabethville,

Mdogo wangu, soma jina hilo hapo juu mara mbili na usiogope. Najua katekista mpya anakusomea kwa sauti, basi mwambie asome polepole.

Shemeji yako alifika asubuhi, tukiwa tumepangwa uwanjani kwa kuhesabiwa. Polisi wa getini akamwuliza anatafuta nani, namba ngapi. Akajibu, "Hana namba. Iko na jina." Polisi akacheka, akamwambia humu ndani hakuna kitu cha namna hiyo, arudi alikotoka. Bwana Antoine alisikia kutoka ofisini akatoka mbio, lakini alikuwa bado hajafika.

Unamjua yule mwanamke. Hajawahi kulitaja jina langu, si mbele yangu, si nyuma yangu, hata siku anamzaa Mwape na mkunga akimwambia amlaani mume wake kwa jina uchungu upungue. Mama yetu ndiye aliyemsifu kwa hilo kijiji kizima. Basi alimshusha mtoto mgongoni, akamshika mkono, akaweka mkono mwingine kwenye nyaya za uzio, akaita:

"Mukuka! Mukuka wa Lukafu! Bibi yako niko ku mulango!"

Ndugu yangu, sikuitika. Sauti niliijua na jina nililijua, lakini viwili hivyo sikuwahi kuvisikia pamoja. Na pia niliwaza, jina hilo ni la Mutale sasa, mimi nani hata niitike? Msimamizi alikuwa amesimamisha kalamu juu ya kitabu. Nikawaza kwamba nisipoitika leo, mke wangu atageuka, atarudi Lukafu na kuwaambia ni kweli, alikufa.

Akaita mara ya pili. Sauti ilikuwa imeanza kukatika kwa aibu, kwa sababu ya lile alilokuwa analifanya mbele ya watu.

Nikasema, "Njo mimi." Kwanza kwa sauti ndogo, kisha kwa sauti ambayo nadhani hata wewe uliisikia huko kwenye kiti changu. Nikatoka kwenye mstari, nikaenda getini. Mwape alinitazama, akajificha nyuma ya kitenge cha mama yake. Nililia mbele ya kambi nzima na sioni haya kukuambia.

Halafu nyuma yangu Donat akapaza sauti, "Donat Mwamba, wa Kambove." Mwingine akasema lake. Mwingine tena. Hawakuitwa na mtu, walijitaja tu, mstari kwa mstari, na msimamizi akipiga filimbi hajui amwendee nani, kama siku zile za akina Mardi.

Tulikatwa unga wa wiki. Tulikula mihogo na tukacheka sana. Usidhani amri imekufa, hapana, bado asubuhi mimi ni 812. Lakini kampuni siku hizi inataka wafanyakazi wenye wake, kwa kuwa wenye wake hawatoroki, na mke hawezi kupewa nyumba bila kuandikwa ni wa nani. Mkubwa alimwambia Antoine aandike namba ya mume. Antoine akaandika Mukuka, kwa wino, akamwambia mkubwa kwamba kwenye cheti cha ndoa cha misioni hakuna namba, na Askofu asingependa kuona mtu ameolewa na hesabu. Mkubwa aliguna, akatia sahihi. Jioni tulimpa Antoine pombe.

Tena kuna hili. Tofali likiwa bichi, linaandikika kwa msumari. Kila mmoja wetu sasa huandika jina lake upande wa chini, pale inapokwenda chokaa, pasipoonekana. Nyumba mpya za Wazungu zinapanda kila wiki.

Sasa tuje kwenye neno letu. Usiwaombe wazee tena wakuvue jina. Wana haki, ulinawishwa na ukaitika. Kwenye barua ya Oktoba niliwaomba mnitunzie, na wewe umetunza kwa namna yako. Nilipofika mjini niliwashangaa wanaouliza mtu mmoja majina yake nani. Sasa nikiulizwa hivyo naona wameuliza vizuri. Moja liko huku linakanyaga udongo, moja liko Lukafu linalima, na wakilifuta huku kuna mtu huko ataitika. Ninalala usingizi kwa ajili hiyo, somo wangu. Na wewe ulale.

Ila firigisi ni jambo jingine. Jina tunaweza kuwa nalo wawili, lakini kuku ana firigisi moja. Likizo yangu nikija, usiiguse.

Shemeji yako anakusalimu. Tangu asubuhi ile hajalitaja tena jina langu. Nilimwomba juzi, mara moja tu, tukiwa peke yetu na mlango umefungwa, akaniambia adabu ni adabu, kwani nataka aonekane hakufundwa? Mwape ameanza kunizoea na hulala mkononi mwangu. Jana jioni mama yake alisimama mlangoni, akaita, "Baba Mwape, kuya kula," nami nikaenda.

Kaka yako na somo wako,
Mukuka